Kikaango cha Chuma: Mali ya Nyumba Isiyozeeka

Katika sehemu za Endarasha, chini ya milima ya Nyandarua, baridi ya alfajiri haina mzaha. Ukungu hushuka kutoka msituni ukalala juu ya mashamba ya viazi na kabichi, na mtu aendaye kukama ng'ombe hutoka nyumbani amejifunika hata masikio. Kwa sababu hiyo jiko katika nchi ile si mahali pa kupikia tu. Ndipo watu wa nyumba wanapoota moto, ndipo watoto wanapofanya kazi zao za shule, na ndipo jirani anapokaribishwa kwanza kabla ya kupewa kiti sebuleni. Miongoni mwa vyombo vya jiko hilo kimo kimoja ambacho hakisifiwi sana, kwa kuwa ni cheusi, ni kizito, wala hakina mng'ao. Nacho ni kikaango cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikawa kama maji, kisha kikamiminwa katika kalibu.

Chombo hicho kimo katika hatari ambayo wenye nyumba wengi hawaitambui. Vijana wenye mikokoteni na mizani hupita vijijini wakinunua vyuma vikuukuu. Hununua majembe yaliyovunjika, vipuri vya magari, vitanda vibovu na vyombo vya jikoni, vyote kwa bei ya kilo. Kikaango kimoja cha chuma chaweza kuwa na uzito wa kilo mbili au tatu, na chungu kikubwa chenye mfuniko wake hupita kilo tano. Basi mwenye nyumba akiwa na haja ya fedha kidogo, na jicho lake likiangukia kitu kizito chenye kutu pembeni mwa jiko, biashara humalizika kwa dakika chache. Jioni mama wa nyumba hurudi kutoka sokoni Mweiga akakuta msumari mtupu ukutani, na chombo alichorithi kwa mama mkwe wake kimekwisha kwenda kuyeyushwa.

Biashara ya vyuma vikuukuu si ovu yenyewe, na inawapa vijana wengi riziki. Serikali ya Kenya iliisimamisha kwa muda mwezi Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani, kisha ikairuhusu tena mwaka huo huo. Lakini mizani ya mnunuzi hupima uzito peke yake. Haipimi kazi ambayo chombo kimefanya, wala kazi ambayo bado chaweza kufanya. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba afahamu kikaango cha chuma ni kitu gani, kinafaa kwa nini, hakifai kwa nini, na kinatunzwaje, kabla hajakitia katika mizani.

CHUMA CHA KUFUA NA CHUMA CHA KUSUBU

Chuma si kitu kigeni kwa watu wa Nyeri. Kabla Wazungu hawajafika, Wakikuyu walikuwa na wahunzi wao, walioitwa aturi. Watu hao waliuchukua mchanga mweusi wenye chuma kutoka vijitoni, wakauosha ili takataka nyepesi ziondoke, kisha wakauchoma pamoja na makaa katika tanuri ya udongo, huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikiuvuvia moto. Bwana na Bibi Routledge, Waingereza waliokaa katika nchi ya Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, waliieleza kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910. Jomo Kenyatta naye aliiandika katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Mhunzi aliheshimiwa na watu, na laana yake iliogopwa.

Lakini mafundi hao hawakutengeneza vyungu vya chuma, wala kosa halikuwa lao. Tanuri yao haikukiyeyusha chuma hata kikamiminika. Ilitoa bonge la chuma lenye vitundu kama sifongo, ambalo lilichomwa tena na kufuliwa kwa nyundo mpaka takataka zote zikatoka. Chuma cha namna hiyo ni chema kwa mikuki, simi, visu na mikufu, kwa kuwa hupindika bila ya kuvunjika. Kukigeuza kiwe chungu ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo vyombo vya kupikia vilikuwa vyungu vya udongo, na kazi ya kuvifinyanga ilikuwa ya wanawake.

Chuma cha kusubu ni kitu kingine. Chuma kikichanganyika na kaboni nyingi, kiasi cha sehemu mbili mpaka nne katika mia, huyeyuka kwa joto dogo kuliko chuma kitupu. Chuma kitupu huyeyuka katika joto la sentigredi 1,538. Chuma chenye kaboni nyingi chaweza kuyeyuka katika joto la sentigredi 1,150 au 1,200 hivi, nacho humiminwa katika kalibu kama uji. Wachina walikuwa na ufundi huo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huko Uingereza mtu mmoja jina lake Abraham Darby alipewa na serikali mwaka 1707 haki ya kutumia peke yake ufundi wa kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga. Mwaka 1709, katika kijiji cha Coalbrookdale, alifaulu kukiyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya makaa ya miti. Tangu hapo vyungu vya chuma vikawa rahisi, na watu wa kawaida wakaweza kuvinunua. Wanahistoria huitaja kazi ya Darby kuwa mmoja wa milango ya maendeleo makubwa ya viwanda, na mlango huo ulifunguliwa kwa ajili ya chungu cha kupikia.

JINSI KILIVYOFIKA KATIKA NCHI

Majina ya vyombo vya jikoni yaonyesha njia vilizopitia. Neno sufuria lina asili ya Kiarabu, nalo lahusiana na shaba, maana sufuria za kwanza zilizofika pwani zilikuwa za madini hayo. Maneno karai na tawa yametoka Bara Hindi. Reli ya kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na maelfu ya Wahindi waliifanya kazi hiyo. Wao pamoja na wenye maduka waliowafuata walikuja na desturi ya kuoka chapati juu ya tawa la chuma. Leo hakuna sherehe ya Krismasi, arusi wala ya kumpokea mwana aliyetoka masomoni, katika Nyeri nzima, isiyokuwa na chapati, na watu wengi wamesahau kwamba chakula hicho kilikuwa mgeni.

Njia ya pili ilikuwa majiko ya walowezi. Katika nyumba zao nyingi lilikuwamo jiko la Dover, ambalo lote ni chuma cha kusubu, lenye mlango wa kuni mbele na mahali pa kuokea mikate ubavuni. Waliojifunza kulitawala jiko hilo, wakajua lini litie kuni na lini lifungwe pumzi, walikuwa wapishi Waafrika. Mashuhuri kati yao ni Kamante Gatura, Mkikuyu aliyekuwa mpishi wa Karen Blixen karibu na Nairobi, ambaye mapishi yake yalitajwa katika kitabu cha bibi huyo kilichosomwa dunia nzima. Nyumba ile sasa ni makumbusho, na jiko la namna ile ya Dover laonyeshwa humo kwa wageni.

Nchi ya Endarasha nayo ilikuwa katika mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wa 1963 mashamba makubwa mengi ya Kieni yaligawanywa kwa wakulima Waafrika. Ndipo familia zikajenga nyumba zao na majiko yao wenyewe. Wakati huo huo sufuria za aluminiamu zilienea kila duka. Zilikuwa nyepesi, zilichemsha maji upesi, zilisuguliwa zikang'aa, na bei yake ilikuwa ndogo. Si ajabu kwamba zilishinda. Chuma kilibaki kazi moja tu katika nyumba nyingi, yaani kuoka chapati, na katika nyumba nyingine kilisukumwa nyuma ya mlango.

KWA NINI CHAKULA HUWA KITAMU

Husemwa mara nyingi kwamba chuma hueneza joto vizuri kuliko aluminiamu. Maneno hayo si kweli. Aluminiamu hupitisha joto upesi mara kadhaa kuliko chuma cha kusubu. Kikaango cha chuma kikiwekwa juu ya moto mdogo ulio katikati, kati yake hupata moto sana na kando zake hubaki baridi. Ndiyo maana mpishi mwenye haraka hukichukia. Fadhila ya chuma ni nyingine. Kwa kuwa ni kinene na kizito, hubeba joto jingi ndani yake, na kikishalipata hakiliachi upesi.

Jambo hilo huonekana wazi katika kukaanga viazi, ambavyo ndivyo mazao makuu ya sehemu zile. Viazi vilivyokatwa ni baridi na vina maji. Vikimwagwa katika sufuria nyembamba, sufuria hupoa mara moja, maji ya viazi hutoka, navyo huanza kutokota badala ya kukaangika. Mwishowe hugandama chini na kuvunjika. Vikimwagwa katika kikaango cha chuma kilichopashwa moto polepole kwa dakika nane au kumi, chuma hakishtuki. Maji hugeuka mvuke papo hapo, na upande wa chini wa kila kipande huwa mkavu, wa rangi ya dhahabu, wenye kulia mdomoni. Kitu hicho hicho ndicho kinachotakiwa na chapati. Tawa zito huifanya chapati ya ishirini iwe sawa na ya kwanza.

Kuna sababu nyingine inayowahusu hasa watu wa nchi za juu. Endarasha iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika urefu huo hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika sentigredi 100 za Mombasa. Huchemka kwa sentigredi 93 hivi, na hata moto ukiongezwa namna gani hayawezi kuzidi hapo katika sufuria ya kawaida. Ndiyo maana mahindi makavu na maharagwe huchukua saa nyingi kuiva Kieni kuliko pwani, na kuni nyingi huteketea. Lakini chuma hakifungwi na sheria hiyo. Kikaango kilichopashwa vizuri hupita sentigredi 200 Endarasha kama kinavyopita Mombasa. Kwa hiyo githeri iliyokwisha kuiva, ikitiwa katika kikaango chenye mafuta kidogo na kitunguu, hupata ladha ambayo kuchemsha peke yake hakuwezi kuileta hata kwa siku nzima. Watu wa nyumba za milimani wanaoipenda githeri ya kukaanga kuliko ya kuchemsha wana sababu nzuri, hata ikiwa hawajapata kuieleza.

Chungu cha chuma chenye mfuniko mzito kina manufaa yake pia. Watu wa pwani tangu zamani hupalia makaa juu ya mfuniko, ili wali au mkate upate moto juu na chini. Chungu cha chuma ni kamili kwa kazi hiyo. Nyumba isiyo na jiko la kuokea yaweza kuoka mkate wa ngano ndani yake, kwa kuweka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko, na kukigeuza chungu mara kwa mara ili upande mmoja usiungue. Siku ya baridi ya Julai, mkate uliotoka katika chungu hicho, pamoja na chai ya maziwa, ni anasa ambayo haikuhitaji umeme wala gesi.

Wengine watauliza habari ya kuni. Swali ni jema, hasa katika wilaya alikozaliwa Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977 baada ya kuwasikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni, maji na chakula bora vimekuwa haba. Ukweli ni kwamba chungu cha chuma hula moto mwingi mwanzoni, kwa kuwa chenyewe chataka kupashwa. Kuchemsha kikombe cha maji katika chungu hicho ni kupoteza kuni. Lakini kikishapata moto, mpishi mwenye akili hupunguza kuni na kukiacha kifanye kazi. Mchuzi wa maharagwe uliokaribia kuiva waweza kuondolewa motoni pamoja na chungu, ukafunikwa vizuri ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu na blanketi kuukuu, nao utaendelea kuiva wenyewe.

CHUMA NA DAMU YA WATOTO

Mbali na ladha, liko jambo la afya. Upungufu wa damu huwapata wanawake wenye mimba na watoto wadogo wengi katika Afrika ya Mashariki, na mojawapo ya sababu zake ni ukosefu wa chuma katika chakula. Chakula kinachopikwa katika chombo cha chuma hupata chembe ndogo za madini hayo, hasa kikiwa na maji na uchachu kidogo, kama mchuzi wenye nyanya.

Mwaka 1999 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilichapisha habari za uchunguzi uliofanywa Ethiopia. Zaidi ya watoto 400 waligawanywa. Jamaa za wengine walipewa vyungu vya chuma, na jamaa za wengine vyungu vya aluminiamu. Baada ya mwaka mmoja, damu ya watoto waliokula kutoka vyungu vya chuma ilikuwa imeongezeka nguvu kuliko ya wenzao. Habari hiyo iliwafurahisha wengi. Hata hivyo uchunguzi mwingine uliofanywa Benin, na kutangazwa 2008, haukuona faida hiyo. Huko Malawi watu waliopewa vyungu vya chuma walinung'unika kwamba ni vizito na hupata kutu, na wengine wakaacha kuvitumia. Kwa hiyo chungu cha chuma hakiwezi kuitwa dawa. Mama mwenye mimba anayepewa vidonge vya kuongeza damu na mganga wa zahanati asiviache kwa kutegemea kikaango. Lakini chombo kinachotumiwa kila siku chaweza kuwa msaada, na chombo kilichotundikwa bila ya kutumiwa hakimsaidii mtu yeyote.

Wakulima wana sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Tangu 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda kutia chuma na vitamini katika unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa katika pakiti. Mkulima anayepeleka mahindi yake mwenyewe kwenye kinu cha kijijini hula unga mtamu na wa rahisi, lakini hapati nyongeza hiyo. Kwake yeye mboga za majani, maharagwe, nyama kidogo na chombo cha chuma vina maana zaidi kuliko kwa karani wa mjini anunuaye unga dukani.

Tahadhari mbili zafaa kutajwa. Ya kwanza ni kwamba chuma kikizidi mwilini chaweza kudhuru. Huko kusini mwa Afrika waganga waliona ini la wanywaji wengi wa pombe limeharibika, kwa sababu pombe hiyo ilitengenezwa katika vyombo vya chuma kwa siku nyingi na kunywewa kwa wingi. Uchachu wa pombe ulikivuta chuma kupita kiasi. Basi vyombo vya chuma visitumiwe kuchachusha wala kuweka pombe au uji wa kuchacha. Ya pili yahusu sufuria nzito za aluminiamu zinazosubiwa kwa vyuma vilivyookotwa. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari za vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, na baadhi yake vilitoa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa akili za watoto. Mnunuzi asiyejua kilichoyeyushwa hajui kilichomo ndani.

JINSI YA KUKICHAGUA NA KUKITUNZA

Anayetaka kununua kikaango sokoni Karatina au mjini Nyeri achukue sumaku ndogo. Sumaku hushika chuma, wala haishiki aluminiamu. Kisha akinyanyue. Chuma cha kusubu ni kinene, kizito, chenye punje punje kikiguswa, na mara nyingi mkono wake ni kitu kimoja na kikaango chenyewe. Mwishowe akining'inize na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima hulia kama kengele, na chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ikiwa ni cha mitumba, aulize kilifanya kazi gani. Kilichowahi kuchanganyiwa rangi au dawa ya kuogeshea ng'ombe kisirudishwe jikoni hata kidogo.

Kikaango chenye kutu hakijaharibika. Kisuguliwe kwa sufi ya chuma, au kwa mchanga na majivu, mpaka kutu yote iishe. Kioshwe, kikaushwe juu ya moto mdogo, kisha kipakwe mafuta ya kupikia kote, ndani na nje. Hapo wengi hukosea kwa kuyaacha mafuta mengi, ambayo huganda yakanata kama gundi. Mafuta yafutwe kwa kitambaa kana kwamba yalipakwa kwa makosa, ili ubaki utando mwembamba tu. Kisha kikaango kipinduliwe juu ya makaa kwa muda wa saa moja, kiachwe kipoe, na kazi irudiwe mara tatu au nne. Joto huyageuza mafuta yale kuwa ngozi ngumu nyeusi, ambayo huzuia kutu na huzuia chakula kisigandame. Kila mara kinapokaangiwa, ngozi hiyo huongezeka. Kwa sababu hiyo kikaango cha miaka arobaini ni bora kuliko kipya, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya vyombo vingi.

Baada ya kupika, kioshwe kingali na uvuguvugu, kwa maji ya moto na brashi. Sabuni kidogo haidhuru. Kinachodhuru ni kukiloweka usiku kucha, kukiacha na chakula ndani, au kukihifadhi kikiwa na unyevu. Kikaushwe juu ya moto, kipakwe tone la mafuta, kitundikwe. Kisimwagiwe maji baridi kikiwa moto, wala kisiangushwe juu ya sakafu ya saruji, kwa maana chuma cha kusubu hakipindiki bali huvunjika, na kukiunga ni kazi ngumu hata kwa fundi hodari.

Chai isipikwe ndani yake. Majani ya chai yana kitu kinachoungana na chuma kikawa cheusi, na makarani wa zamani wangalitambua mara moja, kwa kuwa wino wao wa kuandikia vitabu vya serikali ulitengenezwa kwa njia iyo hiyo. Mchuzi wenye nyanya nyingi au ndimu nao usikae humo kwa saa nyingi, maana huila ngozi ya mafuta na kupata ladha ya chuma.

KABLA YA KUKITIA MIZANI

Kazi hizi za kukitunza zaweza kuonekana nyingi, lakini zikihesabiwa hazipiti dakika tano kwa siku. Mtu anayezifanya hupata chombo kimoja tu cha kununuliwa maishani. Anayezikataa hununua sufuria nyembamba, ikatoboka, akanunua nyingine, na hesabu ya miaka ishirini hupita bei ya kikaango kizuri mara nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la vyombo vya jikoni ni chache mno nyumba zinazoliandika.

Basi kijana mwenye mkokoteni atakapobisha na kuuliza, "Mama, hakuna vyuma vya kuuza?" yafaa apewe jembe lililovunjika na bati lililooza, na bei ikubaliwe kwa amani. Kikaango kichukuliwe kwanza kikagongwe. Kikitoa sauti iliyokufa, na kiende. Kikilia kama kengele, kisuguliwe, kipakwe mafuta na kuwekwa juu ya makaa. Na shauri la kukiuza lisikatwe na mwenye nyumba peke yake akiwa uani, bali aulizwe kwanza yule anayekipikia, kwa maana yeye ndiye ajuaye jamaa yake imekula nini kutoka chombo hicho, na binti au mkaza mwana gani atakayekirithi.